Kimo cha Ndege ya Goodness

Jumatatu, 2 Juni 2025

Goodness amekuja! Na boksi. Nikadhani mjukuu wangu kaniletea sufuria. Kumbe ndege.

Ndege yenyewe ina miguu minne na mapanga manne juu, kama buibui aliyebeba feni. Wanaiita droni. Nikamwuliza rubani anakaa wapi humo. Akacheka mpaka akashika ukuta. Haya, cheka. Amekonda huyu mtoto. Kwani Karatu mjini hawali? Nimempakulia makande na maziwa mgando, akasema ameshiba, nikamwambia shibe ya mjini huku hatuitambui. Kamaliza mabakuli mawili.

Kazi yake ni hii. Kuna mradi unataka picha za makorongo yetu kutoka juu, waone maji yanaila ardhi wapi, ndipo wajue pa kuweka makingamaji. Waje tu! Korongo langu limekula zizi la zamani na sasa linaangalia choo.

Droni haiendeshwi kama gari. Goodness anachora njia kwenye tableti yake, anaandika kimo, yaani iruke juu kiasi gani, halafu inaenda yenyewe, inapiga picha yenyewe, inarudi yenyewe. Kama ng'ombe aliyezoea njia, akasema. Nikamwambia ng'ombe aliyezoea njia ndiye anayemaliza mahindi ya watu.

Halafu akanieleza jingine. Yuko kwenye majaribio ya kazi. Mwezi uliopita droni ilimkwamia kwenye mti kule Buger. Bosi wake, anaitwa Adrian, amemwambia ikianguka tena, kazi anapewa kijana wa Arusha, na yeye arudi lodge alikokuwa, kufua mashuka ya wageni.

Alisema akicheka. Lakini bakuli aliliosha mpaka nikahofia litatoboka.

Huyu hafui shuka la mtu. Nimeshasema.

Jumanne, 3 Juni 2025

Ukungu. Umeshuka kutoka msitu wa Ngorongoro alfajiri, umetukalia kama kuku anayeatamia. Choo sikioni. Labda ni heri. Kwenye ukungu droni hairuki, basi tumeshinda jikoni, na Goodness kanifundisha kimo maana nilimchosha kwa kuuliza. Zamu yangu kuwa mwanafunzi wake tena. Shule mimi sikukanyaga. Hizi herufi alinifundisha yeye akiwa darasa la pili, kwa mkaa, kwenye ukuta huu huu, na alikuwa ananifinya nikikosea.

Yeye ataka kuirushia kule juu, kiwanja cha kigango, kanisa letu dogo la kilimani, maana ni peupe. Ameandika mita themanini. Nikauliza, themanini kutoka wapi? Kutoka chini?

Hapo ndipo watu wanapoumia, Bibi, akasema. Droni haijui kilima. Inahesabu kutoka pale ilipoondokea. Ikiondoka kilimani, themanini ni kutoka kilimani. Ikiondoka bondeni, themanini ni kutoka bondeni, hata kama mbele yake pana mlima. Itaugonga huku inajiona iko juu.

Nikasema namjua mtu wa hivyo. Shemeji yangu Fabian. Anajipima kutoka kwenye kigoda chake.

Tulicheka, moshi ukatuingia.

Halafu nikamwambia neno langu. Chombo cha mjukuu wangu hakiondoki kiwanjani kama yatima. Kitaondoka hapa uani, na wazee watakiombea. Hapa kwetu nani anaanza safari bila kuombewa? Baba yake, Vedasto, alipokwenda Mang'ola kulima vitunguu, aliondokea hapa. Ng'ombe wa mahari waliondokea hapa. Hiyo ya Buger iliondokea wapi? Kando ya barabara! Halafu mtu anashangaa imekwama kwenye mti.

Akasema Bibi, ni mashine. Nikasema trekta la Piusi nalo ni mashine na liliombewa. Akasema trekta la Piusi limekufa. Nikasema limekufa kwa uzee, nyumbani kwake, watu wamelizunguka. Hicho ndicho kifo kizuri.

Akatazama kilima muda. Kisha akasema sawa Bibi, nitabadilisha mipango.

Mtoto aliyelelewa.

Jumatano, 4 Juni 2025

Ukungu tena. Nimekwenda kwa Fabian kumwomba aje aseme slufay, ile dua yetu ya wazee, yeye anatoa maneno, sisi tunaitikia. Amekubali haraka mno. Akauliza hiyo droni ni dume au jike, apate kuitaja vizuri. Goodness akasema haina jinsia, babu.

Fabian akanigeukia. Sasa shemeji, mnataka nimwambie Mungu nini?

Alhamisi, 5 Juni 2025

Adrian amepiga simu. Goodness aliweka sauti nje ili mikono iendelee kupepeta maharage, nikasikia yote. Adrian anataka iruke chini, mita sitini. Nimeelewa wanachogombania. Ikiruka chini picha ni safi, unamwona mpaka kuku. Ikiruka juu ni salama, lakini kuku anakuwa doa. Adrian anataka kuku. Goodness anataka droni irudi nyumbani.

Alimshinda kwa adabu. Naelewa mkuu, naelewa kabisa mkuu, ila miti mkuu. Mpaka mkuu akachoka. Themanini ikabaki themanini.

Nikapiga kigelegele. Goodness akanirukia kuniziba mdomo. Kumbe simu haijakatwa!

Ijumaa, 6 Juni 2025

Ukungu. Mgongo.

Jumamosi, 7 Juni 2025

Niandike polepole, nusu hasira, nusu kicheko, na kicheko chenyewe nakionea aibu.

Jua lilitoka. Lenyewe kabisa! Nikatandika ngozi ya mbuzi uani, droni ikawekwa juu yake. Goodness akachuchumaa na tableti, anapitia mambo yake kimoja kimoja, midomo inacheza. Wazee wakaingia, Fabian mbele na fimbo yake. Mtoto hajainua kichwa.

Nikaona aibu. Wazee wamesimama na yeye ameinamia kibao! Nikamwambia weka hicho chini uwaamkie babu zako. Akasema dakika moja Bibi, nabadilisha kimo.

Nikasema, kimo cha adabu kwanza!

Watu wakacheka sana. Niliona nimesema jambo la maana.

Akaweka tableti chini. Akawaamkia wote, mkono kwa mkono, kama nilivyomfundisha. Na kabla hajamaliza Fabian akaanza.

Alianzia kwenye kuumbwa kwa mbingu. Akaja kwenye mvua. Akaja kwenye ng'ombe, wenye pembe na wasio na pembe. Wanawake wazae, nyuki warudi mizingani, njia zisiwe na miiba. Sisi tunaitikia. Droni aliitaja pamoja na mbuzi. Halafu akachukua maziwa akainyunyizia! Goodness akaruka na khanga yake, anafuta, anafuta, na huku anaitikia.

Tulipomaliza, wingu lilishaanza kuchungulia upande wa msitu. Wazee wakasema iende! Iende! Mimi nikasema iende. Mimi ndiye niliyesema kwa sauti kubwa kuliko wote.

Akabonyeza.

Ilipanda vizuri. Kuku wakaingia chini ya ghala. Ikasimama hewani kama inawaza, kisha ikashika njia ya kilimani, kwa heshima, haiyumbi. Nikamwambia Fabian, unaona?

Goodness akaangalia tableti. Uso ukabadilika. Akasema, polepole: Themanini.

Nikaitikia! Nilidhani bado tunaomba.

Akasema Bibi! Themanini kutoka HAPA! Akawa anabonyeza, anabonyeza. Nikakitazama kilima. Kilikuwa kimekaa pale pale kilipokaa tangu niolewe.

Ngaaaa!

Sasa lazima mtu ajue kwamba kigango chetu hakina kengele ya kununua. Tuna ringi ya lori, inaning'inia kwenye mkaratusi mbele ya mlango, inagongwa kwa nondo. Ikigongwa Jumapili, ibada. Ikigongwa siku nyingine yoyote, kuna aliyekufa. Hilo anajua hata mtoto mchanga. Na droni ilipasua kichwa cha ule mkaratusi, ikashuka tawi kwa tawi, ikaishia kwenye ringi.

Kwaya walikuwa ndani wanafanya mazoezi ya Pentekoste. Blandina, jirani yangu, ndiye mwalimu wao. Anasema ulisikika mvumo wa upepo kutoka juu, kisha kishindo, kisha kengele ikajipiga yenyewe. Sauti ya kwanza wakapiga magoti. Sauti ya tatu wakatoka kupitia dirishani. Kila mmoja sasa anajua imani yake inakaa wapi.

Kengele imelia, nani kafa? Wakatoka nje, wakachungulia bondeni. Wakaona nini? Uani kwangu. Wazee wamejaa, vichwa wameinamisha, katikati ngozi imetandikwa.

Basi. Mama Vedasto ametutoka.

Niliwaona wanateremka. Blandina mbele, mikono kichwani, analia jina langu, lile la ubatizo, Marthaaa, ambalo hajalitumia tangu tugombane kuhusu mbuzi wake. Nyuma yake watu na kuni. Watu na maharage kwenye ndoo. Na Piusi mwenye mikaratusi, na sepeto begani. Sepeto tayari!

Nikasimama getini kwangu, nikawapokea waombolezaji wangu mwenyewe.

Blandina akaniona, akalia mara mbili zaidi. Akanishika mashavu. Akanifinya aone kama ni nyama. Kumbe njiani, katika kulia, alitangaza mbele ya watu kwamba atanirudishia ungo wangu. Wengi wamesikia. Mungu ni mwema.

Piusi akauliza, kwa hiyo hujafa? Kwa sauti ya mtu aliyekatishwa kazi.

Nikamwambia weka sepeto chini, unawe mikono. Kuni zipo, maharage yapo, watu wapo. Nikapika. Kwangu mtu haondoki na njaa, hata kama alikuja kunizika. Fabian alikula msiba wangu mara mbili.

Goodness hakula. Nilimkuta nyuma ya ghala, droni imelala mapajani kama kifaranga kilichokanyagwa, miguu miwili imekatika. Nikaketi ubavuni pake. Akasema sikubadilisha, Bibi. Nilikuwa nabadilisha nikaacha.

Hakusema aliacha kwa sababu gani. Angeweza kusema. Nilimwegemeza kichwa begani kwangu, nikanyamaza, na mimi kunyamaza si kawaida yangu.

Jumapili, 8 Juni 2025

Pentekoste. Padri amesoma jinsi Roho alivyoshuka kwa mvumo wa upepo wa nguvu, na kanisa zima likageuka kuwaangalia sauti ya tatu.

Goodness hakuja ibadani. Nimerudi nimemkuta kwenye simu na Adrian, anatembea uani. Ndiyo mkuu. Kosa langu mkuu. Hapana mkuu, hakuna aliyenisumbua.

Hakuna aliyenisumbua! Na msumbufu mwenyewe nimesimama mlangoni na mwiko!

Jumatatu, 9 Juni 2025

Adrian amekuja. Nilitegemea mtu mnene. Kumbe kijana, suruali imembana mpaka nikaionea huruma damu yake, koti hana, anatetemeka kwa baridi yetu. Shikamoo Bibi, shikamoo Bibi, mara mbili. Nikamtupia blanketi.

Nilikuwa nimejiandaa. Nikaanza, mwanangu, huyu mtoto mimi ndiye niliyemwamuru. Goodness akanikatiza. Mimi! Tangu azaliwe hajawahi.

Akasema Bibi aliniita niamkie wazee, na hiyo ni haki yake. Aliyeshika tableti ni mimi. Wa kusema ngojeni alikuwa ni mimi. Sikusema.

Sikujua nimpige au nimkumbatie. Adrian akachezea kona ya blanketi. Mwisho akasema kuna droni nyingine ya akiba, Ijumaa, na atakuja kusimamia mwenyewe. Picha za korongo zinatakiwa ofisini siku hiyo hiyo. Na ikianguka... Akaangalia bakuli lake.

Kula alikula. Kumpenda sijampenda, lakini bakuli kalisafisha.

Alipoondoka Goodness akanipa masharti, tena amesimama. Safari hii inaondokea juu kigangoni. Wazee waombe nyumbani kwao, Mungu atasikia kutoka huko huko. Na wewe Bibi, kuanzia nikifungua boksi mpaka droni itue, husemi. Hata neno moja.

Nikauliza, hata amina?

Hata amina.

Jumanne, 10 Juni 2025

Blandina amesikia habari ya mdomo wangu, sijui kutoka wapi, nyumba zetu zina ukuta mwembamba. Ametangaza mpaka dukani. Ijumaa watu watajaa. Si kwa ajili ya droni.

Ungo bado.

Jumatano, 11 Juni 2025

Magoti yangu! Goodness amepita njia yote ya droni kwa miguu, nami nyuma yake, maana nilisema nakwenda na hakuna sharti lililonikataza. Kila kilichosimama alikitazama. Anarudi nyuma, anaelekeza simu kwenye ncha ya mti, anahesabu, anaandika. Nilimbebea maji na viazi.

Kwa Piusi tulikwama. Shamba lake liko juu zaidi ya kigango, na mikaratusi yake iko mpakani. Goodness akamwuliza urefu. Piusi akasema aa, vijiti tu hivyo, vidogo. Alidhani kijiji kinataka kumtoza ushuru. Tungefuata vipimo vya mdomo wake, droni ingekwama tena. Goodness akasema kumbe, basi wa kwa Blandina ndio mrefu.

Piusi alivimba! Akamshika mkono akamvuta mpaka kwenye mti mkubwa kuliko wote, akaupigapiga kama fahali wa mnada. Pima huu! Pima mpaka mwisho, usiache kitu!

Nyuma ya mikaratusi kuna mnara wa simu. Umeota pale mwaka jana. Goodness akafungua ramani ya ofisini kwao: mnara hakuna. Akaupima nao. Ndio uliotushinda wote kwa urefu.

Tumekaa chini ya mnara tukala viazi. Akasema kimo kitakuwa tisini, kutoka kigangoni. Kilima cha Piusi, juu yake mnara, na juu ya mnara unaacha nafasi, maana upepo nao una mikono. Na bonde? nikauliza. Akasema kwa tisini bonde linakuwa mbali mno, picha zake zitakuwa za kipofu. Bonde litakuwa na safari yake ya pili, kutoka uani kwako, na kimo chake. Safari mbili. Amemwandikia Adrian.

Adrian hajajibu.

Alhamisi, 12 Juni 2025

Adrian hajajibu. Goodness amesuka nywele, amezifumua, amezisuka. Nimemkaangia mayai. Nimemwambia ikitokea lolote chumba ni chake na mimi ni wake. Akasema najua Bibi, ndiyo maana sitaki litokee.

Ijumaa, 13 Juni 2025

Naandika hapa hapa kiwanjani kigangoni, kwenye benchi la kwaya. Boksi limefunguliwa. Mdomo umefungwa. Basi penseli ifanye kazi.

Watu wamejaa. Blandina kaja kukaa karibu yangu makusudi. Ananiuliza maswali. Mama Vedasto, jana ulikula nini? Mama Vedasto, ni kweli ulilia siku ya harusi yako? Jamani, ni kweli huyu mama chumvi huwa inamshinda? Nimeandika jina lake hapa. Blandina. Na mstari chini yake.

Adrian amekuja na koti. Amejifunza kitu.

Fabian amefika, ameenda moja kwa moja mpaka kwa Goodness, amesimama pale na fimbo anasubiri kuamkiwa. Ulimi wangu uliruka wenyewe, nimeuuma. Goodness amesema shikamoo babu, nikimaliza nitakuja tukae, sasa hivi ninahesabu. Kichwa hakuinua. Fabian akanitazama mimi. Mimi nikatazama mbingu. Mwisho akaenda akakaa juu ya tofali. Hajafa.

Goodness anasoma kwa sauti. Mahali pa kuondokea, hapa. Kimo, tisini, kutoka hapa. Anasoma tena. Sauti haitetemeki.

Imepanda!

Imeupita mkaratusi wa ringi kwa juu, juu sana. Watu wamepiga makofi. Blandina amesema amina na amenitazama. Shetani.

Inakwenda na kurudi juu ya mashamba, kama mtu anayepalilia mistari. Imeanzia bondeni, inapandisha. Adrian ameinamia tableti, anaangalia picha zinavyoingia. Anatikisa kichwa. Anasema korongo halionekani kingo, huu ni uji. Shusha mpaka sitini.

Goodness anasema bonde ni safari ya pili mkuu, kutoka kwa Bibi, nilikuandikia.

Adrian anasema wingu hilo hapo, hakuna safari ya pili, picha zinatakiwa leo. Shusha.

Goodness anasema, mnara.

Adrian anaonyesha ramani. Mnara uko wapi hapa? Haupo.

Goodness anasema kwenye ramani haupo. Kwenye kilima upo, mkuu.

Piusi amecheka peke yake. Ameacha.

Wingu limefika kwenye msitu wa chini. Bado mistari ya juu, ya kwa Piusi. Adrian amevua koti. Anasema Goodness, hiyo ni amri, hii kazi unaitaka au huitaki? Ameunyoosha mkono apewe rimoti ya kuiongozea. Goodness ameihamishia upande wa pili, kifuani, kama mtu anayemficha mtoto upepo. Anasema naitaka mkuu. Anasema naitaka sana. Hashushi.

Watu wamesimama kuona. Hata Blandina.

Sasa Adrian kanigeukia mimi. Anakuja mpaka kwenye benchi. Anasema Bibi, wewe ndiye mkubwa wake, wewe anakusikia. Mwambie ashushe.

Wote wamegeuka. Fabian, Piusi, sauti zote za kwaya. Goodness peke yake hajageuka, macho yako juu, lakini shingo yake naiona, imekakamaa, inasikiliza upande wangu.

Maneno ninayo. Yamejaa mdomoni kama uji wa moto, ya kumwambia Adrian na ya kumwambia yeye, na hakuna hata moja ambalo halijui njia ya kutokea.

Anasema Bibi, tafadhali, kazi ya mjukuu wako hiyo.

Mlio unaelekea kilimani kwa Piusi. Nimeinamisha kichwa naandika, kama mtu aliyesoma, na yeye amesimama mbele yangu anasubiri, na droni haijatua, basi hata amina sisemi.